Fisi Aliyepasukia Kwenye Pini

Katoni ya kwanza niliifungua palepale stendi ya Msamvu, Morogoro, kwa ufunguo wa mlango. Sikuweza kungoja nifike nyumbani. Katoni 10, vitabu 1,000, vimetoka Dar es Salaam kwenye buti la basi pamoja na friji ya mtu na ndoo za rangi. Nikachomoa kimoja, nikanusa wino, nikaenda moja kwa moja ukurasa wa 22 na 23, kwenye picha niliyoipenda kuliko zote. Fisi kasimama njia panda, miguu ya kushoto iko njia hii, ya kulia iko njia ile.

Kiuno hakikukutana. Nusu ya kushoto ilikuwa juu, nusu ya kulia chini, tofauti kama ya milimita 4, na pale kwenye mkunjo kipande cha tumbo kimemezwa kabisa. Nikafungua kitabu cha pili, nikafungua cha tatu. Kondakta akaniuliza, "Mama, mzigo umevunjika?" Nikamwambia hapana, uko salama.

Nayaandika haya kwa sababu tangu mwaka 2022 watu wananifuata wakitaka kujua namna ya kutoa kitabu cha picha cha watoto, hasa cha wanyama. Kila mtu ana bibi aliyemsimulia sungura na fisi, na anadhani kazi kubwa imeshafanyika. Nilidhani hivyo na mimi.

Hadithi yenyewe mnaijua. Njia mbili zilimshinda fisi. Bibi yangu kule Mahenge alikuwa akiisimulia usiku, baada ya paukwa pakawa: fisi anafika njia panda, harufu ya nyama inatoka kulia, harufu ya nyama inatoka kushoto. Anapita zote mbili kwa pamoja, mguu huku mguu kule, njia zinazidi kuachana, mpaka anapasuka msamba. Bibi alikuwa akifika hapo anapiga makofi mara moja, paa! Nasi tunaruka.

Katika kitabu changu fisi hakupasuka. Alichoka, akalala, akaamka nyama zimeisha kote kote. Chini yake nikaweka kisanduku cha rangi ya njano: "Funzo: Tamaa mbaya." Niliogopa wazazi, na niliogopa shule. Rafiki yangu mmoja aliniambia mtoto wa miaka sita hapaswi kuona mnyama anakufa, nikakubali bila kujiuliza kwamba mimi nilikuwa na miaka mitano nilipomsikia fisi wa Bibi, na nililala fofofo.

Nitaje fedha, maana watu wakisimulia mambo haya hupenda kuruka hapo. Mchoraji alichukua shilingi 65,000 kwa kila picha, picha 12, jumla 780,000, na jalada 120,000. Aliyepanga kurasa, 250,000. Kiwandani, kurasa 24 za rangi kwenye karatasi ya kung'aa ya gramu 130, shilingi 3,800 kwa nakala, kwa hiyo 3,800,000. Usafiri na wabebaji, 85,000. Ukijumlisha ni 5,035,000, ambamo milioni 3 zilikuwa mkopo wa kikoba, kile kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Bei niliyopanga ni 8,000. Maduka yakachukua kwa mali kauli, yaani unawaachia mzigo na wanakulipa wakishauza, wakikata asilimia 35. Nikawa napata 5,200 kwa kitabu kilichonigharimu 5,035. Faida ni shilingi 165, haifiki hata nauli ya daladala. Hesabu hii niliifanya baada ya kuchapisha. Mimi ni karani wa stoo, kazi yangu ni hesabu, na bado niliifanya baada.

Namba ya ISBN, ile inayokitambulisha kila kitabu, nilihofia ingekuwa safari ndefu, kumbe ndiyo iliyokuwa nyepesi. Inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Usichapishe kwanza ukasema utabandika stika baadaye. Na kama unalenga shule, jua mapema kwamba ithibati, yaani idhini ya kitabu kutumika shuleni, inapitia Taasisi ya Elimu Tanzania na ina utaratibu wake na muda wake. Mimi nilikwenda shuleni mikono mitupu, mwalimu mkuu akanikaribisha chai, akanunua nakala mbili kwa fedha yake mwenyewe.

Tuje kwenye picha, maana ndizo zilizoniumbua. Mchoraji wangu ni kijana fundi kweli, amechora bajaji na kuta za saluni nusu ya Morogoro. Nilimtumia hadithi kwa WhatsApp na maelekezo ya aina hii: "Hapa weka tembo." "Hapa swala wawili wanamcheka." Sikumpa picha hata moja. Naye akafanya ambalo mtu yeyote angefanya, akaingia kwenye intaneti akaandika "elephant" na kuchora wa kwanza aliyempendeza.

Wa kwanza kuliona kosa alikuwa mtoto wa darasa la pili, kwenye shule iliyo kando ya barabara ya Iringa, karibu na Mikumi. Nilikwenda kusoma kitabu siku ya Ijumaa, mwezi wa pili tangu kitoke. Nilipofika kwenye tembo akanyoosha kidole. "Mwalimu, huyu tembo nani alimkata masikio?" Darasa likacheka. Nikatazama picha yangu mwenyewe kama naiona kwa mara ya kwanza. Masikio madogo, mgongo umebinuka. Barabara ile inakatiza katikati ya hifadhi, na watoto wale wanawaona tembo kutoka dirishani mwa basi wakienda kliniki. Mimi nimepita pale mara ngapi sijui. Nilikuwa nimechapa nakala 1,000 za tembo wa Asia.

Nikamtafuta shemeji yangu, aliyesoma Chuo cha Wanyamapori Mweka, miaka mingi yuko porini. Nilipaswa kumtafuta mwaka mmoja kabla. Akaketi barazani na kitabu na kalamu nyekundu, na nilijua mambo ni mabaya alipoomba chai ya pili. Tembo kwanza. Si masikio tu. Ncha ya mkonga wa tembo wetu ina vidole viwili, wa Asia ana kimoja, na yule wangu alikuwa na kimoja. Kisha wale swala pala wawili wanaocheka. Nilikuwa nimeandika ni mama na dada, na wote wana pembe, wakati kwa swala pala mwenye pembe ni dume peke yake. Kisha chui. Alikuwa na mistari myeusi kutoka machoni hadi mdomoni, ile kama michirizi ya machozi, na hiyo ni ya duma. Akamaliza na mhusika mkuu.

"Shemeji, huyu si fisi. Huyu ni mbwa wa polisi mwenye madoa."

Fisi madoa ni mrefu mabegani na mfupi nyuma, mgongo wake umeteremka. Ndiyo maana akitembea wazee husema anachechemea. Wangu alikuwa sawa mbele na nyuma, kama meza.

Niseme jambo hapa kwa wanaojiandaa. Nilikuwa nimewaonyesha watu rasimu. Niliwaonyesha dada zangu, wanakwaya wenzangu, wafanyakazi wa stoo, na wote walisema nzuri sana, hongera. Walikuwa wanasema kweli. Walifurahi kwamba mimi nimeandika kitabu. Lakini hakuna kati yao aliyemtazama tembo. Ukiwa na hadithi ya wanyama, wape picha za penseli watu wawili kabla rangi haijapakwa. Mmoja awe anawajua wanyama, mwingine awe na umri chini ya miaka minane. Usiwaambie ni kazi yako. Picha ya penseli inafutwa kwa kifutio cha shilingi 200.

Kisha likaja la ushirikina, ambalo sikulitegemea. Mama mmoja pale Kihonda alinirudishia kitabu. Aliniita pembeni, kwa heshima kabisa, akasema hawezi kulala na picha ya fisi ndani ya nyumba, kwa sababu wachawi husafiri usiku juu ya fisi. Nilimrudishia 8,000 yake. Jioni nikasimulia nyumbani nikicheka, mama mkwe hakucheka. Akaniuliza mbona nisichague sungura. Na rafiki yangu wa Mombasa naye, nilipomtumia jalada, alijibu kwa vikaragosi vya kicheko mstari mzima. Kwao, na hata kwetu siku hizi, ukisema fisi vijana wanafikiria wanaume wanaokodolea macho wasichana. Akaongeza kwamba tembo ni pombe ya mnazi, mnyama ni ndovu. Hilo niliacha kama lilivyo. Kitabu hakiwezi kuzaliwa pwani na bara kwa wakati mmoja.

Kisha ukatoka uhakiki wa kitabu changu, mwezi wa sita tangu kitoke. Mhadhiri mmoja wa fasihi aliuandika gazetini, nusu ukurasa, na picha ya jalada langu. Mtu alinitumia saa kumi na mbili asubuhi akiandika "Hongera umetoka gazetini!" Ni wazi hakuwa ameusoma.

Sitataja jina lake wala gazeti, na siwezi kusema alinionea. Alisema mambo manne. Kwamba maneno yangu yanarudia kile ambacho picha imeshasema. Kwamba kisanduku cha funzo kinamfanya mtoto aonekane hana akili. Kwamba mwisho umelainishwa mpaka methali imekosa meno. Na kwamba tumemchoka fisi dume mlafi na mwizi, wakati fisi halisi ni mwindaji, na jike ndiye mkubwa na ndiye anayetawala ukoo.

Siku tatu sikula vizuri. Usiku wa pili niliandika jibu refu, la hasira, nikimwambia yeye hajawahi kuuza kitabu hata kimoja stendi. Mume wangu akanipokonya simu, akaenda kulala nayo chini ya mto. Asubuhi nilimshukuru. Ukijibu mhakiki hadharani, watu wanasahau alichosema, wanakumbuka ulivyopayuka.

Baada ya wiki mbili nilichukua kitabu na uhakiki, nikaviweka pamoja mezani, nikaanza kumfuata hoja kwa hoja kama ninayehesabu stoo. Ukurasa wa 6 niliandika: "Fisi alikuwa na njaa sana. Alitoa ulimi nje. Alishika tumbo lake." Na picha? Fisi, ulimi nje, ameshika tumbo. Alikuwa na haki. Nilihesabu maneno ya kitabu kizima, yakawa 640. Nikaanza kufuta kila sentensi ambayo picha ingeweza kuibeba peke yake. Yakabaki 310, na ajabu ni kwamba hadithi haikupungua hata kidogo. Ukurasa wa 6 sasa una sentensi moja: "Tangu juzi." Mtoto anatazama picha, anauliza, "Tangu juzi nini?" na mzazi anajibu. Hapo ndipo kitabu kinaposomwa na watu wawili.

Hoja ya fisi dume ilinichekesha mwishoni. Nilipekua maneno yangu yote nikitafuta pale niliposema ni dume. Hakuna. Kiswahili chetu kinasema "akaenda", "akanusa", "akaona", na hakikulazimishi kutaja mume au mke. Udume wote ulikuwa kwenye kofia. Mchoraji alimvika fisi baraghashia, kila mtu akasoma mwanamume, nami wa kwanza. Toleo la pili nikamvua kofia, basi.

Kuhusu wizi, shemeji alikuwa upande wa mhakiki. Alinieleza habari za Hans Kruuk, mtafiti aliyewafuatilia fisi wa Ngorongoro na Serengeti miaka ya 1960, akakuta kwamba wanawinda wenyewe sehemu kubwa ya chakula chao, na kule kreta mara nyingi simba ndiye anayekuja kula alichokiua fisi. Nikapata moto. Nikasema basi, nitamfanya mama anayepeleka nyama kwa watoto. Shemeji akatikisa kichwa. Fisi madoa ni nadra kubeba nyama kupeleka pangoni. Hunyonyesha, na hunyonyesha muda mrefu, hata zaidi ya mwaka. Nikaacha. Nami nikaona kwamba methali haisemi popote kwamba fisi aliiba. Inasema njia mbili zilimshinda. Wizi niliuongeza mimi mwenyewe. Sasa fisi wangu ananusa tu, na tatizo lake ni kwamba hataki kukosa. Huyo namjua, nimemwona hata kikobani.

Hoja moja tu ndiyo niliyoikataa. Alitaka fisi asiwe mlafi kabisa. Sikuweza. Fisi asiye na tamaa akifika njia panda anachagua moja, na kitabu kinaishia ukurasa wa 9.

Sasa nirudi kwenye ule mkunjo, kwa sababu kuna siku sijaisimulia.

Kiwandani nilikuwa nimelalamika sana. Fundi akanielewesha, kwa uvumilivu kuliko nilivyostahili, kwamba kitabu kinachobanwa kwa pini katikati kina kurasa mbili tu zilizo kwenye karatasi moja inayofunguka, zile za katikati kabisa. Kwa kurasa 24 ni ya 12 na ya 13. Nyingine zote zinazotazamana zimetoka karatasi mbili tofauti, na zikikunjwa zinaweza kupishana milimita mbili, tatu. Kwa hiyo sura au kiuno cha mnyama hakiwekwi kwenye mkunjo. Tena alikuwa amenitumia kielelezo cha kurasa nikikague kabla ya kuchapa, nikakipitisha kwenye simu, nikiwa foleni ya benki. Kwenye simu hakuna mkunjo. Dai dami, kama wanavyoiita wenyewe, ile nakala moja ya karatasi iliyokunjwa na kubanwa, uishike mkononi. Rangi nazo utazionea hapo, maana kijani kinachowaka kwenye kioo hutoka kiwandani kama mchicha wa jana. Na tazama herufi. Yangu ilikuwa na ile "a" yenye kikofia juu, ambayo watoto hawafundishwi kuiandika, na kwa Kiswahili "a" iko karibu kila neno. Mtoto anayeanza kusoma alikuwa anajikwaa kila hatua.

Basi. Jumamosi moja, baada ya uhakiki, nilikuwa nimeketi chini ya mwembe wa jirani na watoto kama 15 wa mtaani. Sikutaka kusoma, waliniomba. Nikawa nasoma haraka, bila moyo, nikafika ukurasa wa 22 na 23, ule wa aibu. Nikataka kuupita. Kijana mmoja akaweka kidole pale kwenye mkunjo, mahali tumbo lilipomezwa, akapiga ukelele.

"Kapasuka! Oneni, hapa kapasuka!"

Wakarundikana. Kweli, kule juu kuna mgongo, kule chini kuna mgongo, havikutani. Mmoja akagundua kwamba ukikifunga kitabu nusu, fisi anaungana, ukikifungua kabisa, anapasuka. Wakaanza. Funga, fungua, funga, fungua, na kila akipasuka wanapiga makofi kwa pamoja. Hakuna aliyelia na hakuna aliyeogopa. Bibi yao mmoja aliyekuwa anachambua mchele pembeni akasema, "Ndiyo yenyewe hiyo," akaendelea na mchele.

Kisha nikafungua ukurasa wa 24, fisi analala, kisanduku cha njano. Wakanyamaza. Yule kijana akanitazama kama mtu aliyepunjwa chenji.

"Sasa mbona yuko mzima?"

Mhadhiri alitumia nusu ukurasa wa gazeti, huyu alitumia maneno manne.

Toleo la pili lilikuwa la nakala 500 tu, mwaka 2024. Nilitaka kulichapa mapema zaidi, lakini kikoba kilikuwa bado kinanidai, na nakala za kwanza zilikuwa zimejaa chini ya kitanda. Mwaka wa kwanza niliuza 430. Mchoraji akadai 350,000 kurekebisha picha tano, nikashangaa, nilidhani ni zangu kwa sababu nilizilipia. Hatukuwa na mkataba. Tulipatana, na sasa tuna karatasi yenye saini zetu wote wawili, inayosema picha ni za nani, zitatumika wapi, na marekebisho yatalipwaje. Iandikeni karatasi hiyo siku ya kwanza, mkiwa bado mnapendana.

Tembo akaota masikio. Swala mama na dada wakavuliwa pembe. Mgongo wa fisi ukateremka. Kisanduku cha funzo kikatoka. Ukurasa wa 24 hauna neno lolote, ni njia panda tupu na nyayo zinazoelekea pande mbili.

Siku ya kuchapa, fundi mpya wa kiwandani akanipigia. Alikuwa na dami mkononi na sauti ya mtu anayetoa habari mbaya. "Mama, kuna picha moja haikai sawa. Ukurasa wa 22 na 23, mnyama anakatika kwenye mkunjo. Tunaweza kuisogeza ikae vizuri, bila gharama."

"Isogezeni," nikamwambia, "lakini upande ule mwingine. Ongezeni milimita mbili."